Chuma, chokaa na maji ya mvua: maisha marefu ya Beit al-Ajaib

Ijumaa ya tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la zamani la masultani katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa. Mafundi walikuwa kazini, na watu wawili walipoteza maisha. Jumba lilikuwa katikati ya ukarabati uliofadhiliwa na Serikali ya Oman. Limeanguka likiwa mikononi mwa waliokuja kuliokoa, na ndiyo maana habari hii bado inawaumiza na kuwachanganya wengi.

Ukiuliza kwa nini lilianguka, jibu la haraka utakalopewa ni uzee. Lakini uzee peke yake hauelezi kitu. Siku ile jumba lilikuwa na umri wa miaka 137. Hatua chache kutoka hapo ipo Ngome Kongwe, iliyoanzwa na Waomani mwishoni mwa karne ya 17 baada ya kuwafukuza Wareno, na kuta zake zipo. Kusini mwa kisiwa, msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya kibla ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, na watu bado wanasali humo. Kwa hiyo mawe na chokaa ya Unguja vinaweza kuishi muda mrefu sana. Swali lenye faida ni lingine: Beit al-Ajaib ilikuwa na nini ambacho majengo hayo hayana, na ilifanyiwa nini, au haikufanyiwa nini, katika miaka yake 137?

Tumwanzie mwenye nyumba. Sayyid Barghash bin Said alitawala kuanzia 1870 hadi 1888. Kabla ya kukalia kiti alikwisha kuonja uhamisho. Mwaka 1859 alijaribu kumng'oa kaka yake Majid, akashindwa, akapelekwa Bombay na kukaa huko hadi 1861. Bombay ya wakati ule ilikuwa bandari ya Waingereza iliyokuwa ikikua kwa kasi, yenye majumba ya serikali na viwanda vya pamba. Alipotawala, alionekana kuwa na haraka ya kuibadilisha Unguja. Alileta maji ya bomba mjini kutoka chemchemi za nje ya mji, akanunua mtambo wa kuchapa, akajenga majumba ya mapumziko Marhubi na Chukwani. Na mwaka 1883, ufukweni mwa Mji Mkongwe, akasimamisha jumba la sherehe na barza ambalo halikuwa na mfano katika pwani yote hii.

Kiwanja chenyewe kilikuwa na historia. Inaelezwa kwamba hapo ndipo lilipokuwa jumba la Malkia Fatuma, aliyetawala Unguja katika karne ya 17. Mlangoni Barghash hakukosa kuonesha ukuu: mizinga miwili ya Kireno ya shaba nyeusi iliwekwa mbele, mizinga ambayo Waajemi waliiteka Hormuz mwaka 1622 kabla haijafika Oman na hatimaye Unguja. Milango ilichongwa nakshi na aya za Kurani. Ndani kulikuwa na uwanda mkubwa katikati, vyumba vimeuzunguka, na nje kulizungushwa roshani pana, ghorofa juu ya ghorofa, zimebebwa na nguzo ndefu nyembamba za chuma. Lilikuwa jengo refu kuliko yote mjini, na lilikuwa la kwanza Zanzibar kuwashwa taa za umeme. Baadaye likawekewa lifti.

Haifai kuliruka suala la fedha. Hazina ya Sultani ilijazwa na karafuu, pembe za ndovu na ushuru wa bandari, na nyuma ya karafuu kulikuwa na watumwa mashambani. Barghash mwenyewe, kwa kubanwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa na kupiga marufuku kuwasafirisha baharini, lakini utumwa wenyewe visiwani uliendelea kutambuliwa kisheria hadi 1897. Jumba lilijengwa katikati ya miaka hiyo. Mimi nalipenda, na siwezi kulipenda huku nimefumba jicho moja. Kulihifadhi kunahusu pia kuihifadhi kumbukumbu ya waliolilipia bila kuulizwa.

Fahari yenyewe haikudumu. Mwaka 1886, miaka mitatu tu baada ya jumba kukamilika, Waingereza na Wajerumani walikubaliana jinsi ya kuyapunguza mamlaka ya Sultani, wakambakishia visiwa na ukanda mwembamba wa pwani wa maili 10. Barghash alifariki 1888. Mwaka 1890 Zanzibar ikawa chini ya ulinzi wa Uingereza.

Kisha ikaja asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896. Sultani Hamad bin Thuwaini alikuwa amefariki siku mbili kabla, na Khalid, mtoto wa Barghash, akaingia jumbani na kujitangaza bila idhini ya Waingereza. Meli tano za kivita zilijipanga bandarini. Saa tatu asubuhi muda waliompa ulikwisha, na dakika mbili baadaye mizinga ikaanza. Vita havikufika saa nzima. Wengi huvihesabu kuwa dakika kati ya 38 na 45, na upande wa Khalid waliouawa na kujeruhiwa walikuwa karibu 500. Wakati huo majumba ya kifalme yalikuwa yamepangana: Beit al-Sahil, Beit al-Hukm na Beit al-Ajaib, yameunganishwa kwa vivuko vya juu ili wanawake wa kasri wapite bila kuonekana barabarani. Beit al-Hukm liliteketea. Beit al-Sahil likaharibiwa vibaya. Mnara uliosimama mbele ya majumba, uliokuwa na taa ya kuongozea meli, ukabomoka. Beit al-Ajaib likapata majeraha, likabaki wima. Mwaka uliofuata likatengenezwa, na mnara mpya wa saa ukapachikwa usoni pake.

Mnara huo ndio uliokuja kuwa sura ya jumba kwenye kila picha, na ndio ulioporomoka Desemba 2020. Haukuwa wa Barghash. Ni nyongeza iliyozaliwa na vita, ukapachikwa kwenye jengo ambalo halikuchorwa kuubeba. Jambo hilo litarudi tutakapofika kwenye swali la nini kijengwe upya.

Tuingie sasa kwenye ujenzi, maana bila kuuelewa mtu hawezi kuelewa kilichotokea.

Nyumba ya kawaida ya Mji Mkongwe hufuata kipimo cha boriti. Boriti ni mti wa mkoko, mgumu, unaostahimili mchwa vizuri, na urefu wake wa kutegemewa ni karibu mita 2.5 hadi 3. Ndiyo maana vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba: chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko boriti inavyofika. Boriti hulazwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake hupangwa mawe na kumwagwa mchanganyiko wa chokaa, kisha watu huupiga kwa vijiti siku nyingi hadi ushikamane na kuwa sakafu. Kuta ni nene, nusu mita na zaidi. Hujengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyochimbwa ardhini, yasiyokatwa kwa umbo maalumu, na huwa na ngozi mbili, ya nje na ya ndani, katikati hujazwa vipande vidogo na chokaa. Ukuta wa namna hii unasimama kwa uzito wake na kwa chokaa inayoushika.

Chokaa nayo ina maisha yake. Matumbawe huchomwa kwenye tanuu la magogo, joto likifika karibu nyuzi 900 jiwe hutoa hewa ya ukaa na kubaki chokaa hai. Huzimwa kwa maji, huachwa ilale, halafu huchanganywa na mchanga na udongo mwekundu. Ikishapakwa ukutani huanza kuinywa tena ile hewa ya ukaa kutoka angani, taratibu, mpaka irudi kuwa kama jiwe ilikotoka. Kazi hiyo huchukua miezi, na ndani ya ukuta mnene huchukua miaka. Chokaa iliyokomaa bado ni laini kuliko jiwe. Ukuta ukicheza kidogo, chokaa hukubali. Ukiloa, unyevu hupita ndani yake na kutoka. Watu hupenda kusimulia kuwa kuta za Mambo Msiige, jumba jingine la Mji Mkongwe, zilichanganywa mayai maelfu. Iwe kweli au simulizi, inaonesha jinsi wenyeji walivyojua kwamba siri ya nyumba ya mawe imo kwenye kile kinachoyashika mawe.

Beit al-Ajaib ilivunja kanuni ya boriti. Sultani alitaka kumbi pana, dari za juu, roshani ambazo watu wengi wangeweza kutembea bega kwa bega. Kwa hilo akaletewa chuma: nguzo za chuma cha kumimina na mihimili ya chuma, iliyobeba sakafu nzito. Inasimuliwa kwamba mchoro ulitoka kwa mhandisi wa meli wa Kiingereza, na ukitazama zile nguzo nyembamba zilivyopanda juu huoni ugumu wa kuamini. Lakini kuta ni zile zile za mawe na chokaa. Kwa hiyo mwaka 1883 viliunganishwa vitu viwili ambavyo havizeeki kwa mwendo mmoja.

Chuma kina adui wawili, maji na chumvi, na ufukwe wa Forodhani una vyote viwili mwaka mzima. Chokaa ikiwa mbichi hukilinda chuma kidogo kwa sababu ya ukali wake wa kikemia. Lakini ikishakomaa ukali huo umekwisha, na upepo wa bahari umeshaleta chumvi hadi ndani ya ukuta. Kutu inaanza. Tatizo la kutu ni kwamba inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokila. Kichwa cha mhimili kilichochomekwa ukutani kinafura, na kinapofura kinasukuma mawe yaliyokizunguka. Ufa unatokea. Ufa unaingiza maji. Maji yanaongeza kutu. Na huko nje, nguzo za chuma cha kumimina zina tabia yake pia: zinabeba uzito mkubwa sana zikisimama wima, ila hazipindi kabla ya kuvunjika. Mti unaochoka hulia, hupinda, huonya. Chuma cha kumimina huvunjika ghafla.

Ongeza paa. Jumba kubwa lina paa kubwa, na paa kubwa hukusanya maji mengi kwa dakika chache za masika. Yote yanategemea milizamu na mabomba ya kuyashusha chini. Mlizamu mmoja ukiziba kwa majani na kinyesi cha njiwa, maji hayasubiri. Yanafurika upande wa ndani, yanashuka katikati ya ngozi mbili za ukuta, yanaosha chokaa kidogo kidogo. Miaka kadhaa ya hivyo, na kile kilichokuwa kimeshika mawe kimekuwa vumbi. Vipande vya katikati vinashuka, vinajaa chini kama kwenye gunia, na ukuta unaanza kutumbuka kwa nje. Kwa macho ya mpita njia bado ni ukuta. Kwa fundi aliyeshika timazi ni hatari.

Halafu ikaja simenti. Simenti ni kitu kizuri mahali pake, na sina ugomvi nayo. Ugomvi ni pale inapopakwa juu ya ukuta wa matumbawe. Ukitaka kuona madhara yake huhitaji vipimo. Simama mbele ya ukuta wowote wa zamani uliopigwa plasta ya simenti na utazame kuanzia chini hadi usawa wa kiuno. Rangi imetoka malengelenge. Pitisha kidole, kitatoka na unga mweupe, nao ni chumvi. Gonga kwa kifundo cha kidole kidogo juu ya hapo, utasikia sauti ya uwazi, kwa sababu plasta imeshaachana na ukuta na inajishikilia yenyewe. Unyevu uliokuwa ukitoka nje kupitia chokaa umefungiwa ndani. Unapanda juu, unatafuta njia, na njiani unakutana na vichwa vya boriti na mihimili. Mwenye nyumba anaona madoa, anaita fundi, fundi anaongeza simenti.

Fundi huyo simlaumu. Chokaa ilikuwa imetoweka madukani, tanuu zilikuwa zimezimwa, na wazee waliojua vipimo walikuwa wakifariki bila wanafunzi. Hapa ndipo historia ya siasa inapoingia kwenye ukuta.

Kuanzia 1911 Beit al-Ajaib iliacha kuwa nyumba ya kifalme ikawa makao ya ofisi za serikali ya kikoloni. Ofisi hukata kumbi kuwa vyumba, hupitisha nyaya na mabomba, huongeza makabati na marundo ya karatasi. Karatasi ni nzito kuliko wageni wa barza. Pamoja na hayo, ofisi ilikuwa na kitu ambacho miaka iliyofuata ilikosa: idara ya kazi yenye mafundi wa kudumu na bajeti ya kila mwaka, na wakubwa waliokuwa wakikaa humo wenyewe, ambao paa likivuja lilivujia mezani mwao.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 jumba likawa mali ya serikali mpya na kutumika kwa mambo mbalimbali, pamoja na mafunzo ya chama cha Afro-Shirazi. Katika Mji Mkongwe wote nyumba nyingi ziliachwa na wenyewe waliokimbia, serikali ikazitaifisha na kuwapangisha wananchi, wengi wao wakitoka Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, na mashamba. Kwa haki ya kijamii ilikuwa ni hatua kubwa. Watu waliokuwa wakiyatazama majumba kwa nje wakalala ndani. Kwa majengo, matokeo yalikuwa mazito. Nyumba ya familia moja ikawa na familia tano au sita, kila moja na jiko na pipa lake la maji, kodi ikiwa ndogo kiasi cha kutotosha hata kuchota chokaa, na hakuna aliyejua nani mwenye jukumu la paa. Kufika miaka ya 1980 nyumba zilikuwa zikianguka msimu hadi msimu wa mvua.

Mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na mwaka 1994 ukatoka mpango wa uhifadhi uliotayarishwa kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan ya utamaduni. Katika miaka hiyo hiyo ya 1990 taasisi hiyo ililikarabati jengo la zahanati ya zamani kule Malindi, lililoanzishwa na tajiri Tharia Topan mwaka 1887. Jengo lile lilikuwa limefikia pabaya. Lilifufuliwa kwa chokaa, kwa mbao, na kwa kuwafundisha mafundi papo hapo kazini, na wengi wa waliojifunza pale walikuja kuwa hazina ya mji. Mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaingia kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Beit al-Ajaib nayo ikapewa kazi iliyoifaa, ikawa makumbusho ya historia ya Zanzibar na ya pwani ya Waswahili. Katikati ya uwanda, chini kabisa, kulisimama mtepe, jahazi lililoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja, wa kuonesha chombo ambacho kilikwisha kutoweka baharini. Napenda kulikumbuka jumba katika hali hiyo. Watoto wa shule walipanda ngazi zile zile ambazo babu zao wasingeruhusiwa kuzikanyaga.

Lakini juu ya vichwa vyao paa lilikuwa likivuja. Makumbusho huingiza watu, huuza tiketi, huvutia picha, na hayo yote yanaweza kuendelea miaka mingi huku chuma kikiliwa ndani ya ukuta. Mwaka 2012 sehemu ya roshani iliporomoka. Hapo jumba lilikuwa limetoa onyo lake kwa sauti kubwa kadiri jengo linavyoweza. Likafungwa kwa umma. Kutoka onyo hilo hadi Desemba 2020 ni miaka minane, na masika na vuli vya miaka minane.

Hii ndiyo sehemu inayoniuma zaidi katika historia nzima, na inahitaji kuelezwa kwa utulivu. Jumba lililofungwa halipumziki. Jengo lenye watu lina mtu wa kusema hapa panadondoka, pale pamepasuka. Likifungwa, madirisha yanabaki yamefungwa, hewa haipiti, unyevu unakaa, popo na njiwa wanahamia, na mche wa mtini unaoota kwenye ufa hakuna wa kuung'oa ukiwa bado na majani mawili. Wakati huo wahusika wanatafuta fedha, wanasubiri mikataba, wanaandika ripoti. Kila hatua ina sababu yake, na kila hatua inachukua msimu.

Watu huuliza pia: ikiwa lilistahimili miaka minane likiwa limeachwa, iweje lianguke mafundi walipoanza kazi? Siwezi kumnyooshea kidole mtu kuhusu siku ile, lakini kwa majengo ya aina hii hatari hiyo inajulikana. Jengo lililochoka huwa limejipanga upya lenyewe. Mhimili uliokatika hauna kazi tena, na mzigo wake umehamia kwa jirani. Ukuta ulioinama umeegemea kitu ambacho mchoro hausemi ni cha kuegemewa, labda kizuizi cha mbao kilichowekwa na ofisi miaka ya 1920. Ukiondoa kizuizi hicho kwa sababu si cha asili, umeondoa kilichokuwa kimelishikilia. Ukichimba karibu na msingi, ukivunja plasta upande mmoja, ukipandisha vifaa vizito ghorofani, unabadilisha mizani ambayo hakuna aliyeipima. Ndiyo sababu wahifadhi hutaka kwanza jengo litegemezwe kwa miundo ya muda, kila nguzo ipimwe, kila ufa uwekewe alama na kufuatiliwa kama unapanuka, kabla mwiko haujagusa ukuta. Hatua hiyo ni ghali, haina kitu cha kuonesha kwenye uzinduzi, na mara nyingi ndiyo ya kwanza kupunguzwa wakati bajeti inabanwa.

Baada ya jumba kuanguka, mjadala umehamia kwenye kulijenga upya, na hapa mambo yana utata wa aina yake.

Mwaka 1964, mwaka ule ule wa Mapinduzi, wataalamu wa uhifadhi walikutana Venice na kuandika hati ambayo hadi leo inaheshimiwa duniani. Ina msimamo mkali: kilichoanguka kisijengwe upya kwa kubuni, kinachoruhusiwa ni kurudisha vipande vya asili mahali pake, na kila kipya kionekane kuwa ni kipya. Hoja yao ni ya uaminifu. Nakala nzuri inaweza kumdanganya mtazamaji kwamba anaangalia mwaka 1883. Lakini mwaka 1994, huko Nara nchini Japani, wataalamu walikubaliana kwamba uhalisia wa urithi haupimwi kwa mawe peke yake. Unapimwa pia kwa ufundi, matumizi na maana ya mahali kwa watu wake. Na mifano ya kujenga upya ipo. Mji wa kale wa Warsaw ulibomolewa karibu wote katika Vita vya Pili vya Dunia, ukajengwa tena na kuandikwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1980. Daraja la Mostar liliangushwa vitani 1993, likarudishwa 2004, likaandikwa 2005.

Kwetu Afrika Mashariki tuna mifano ya karibu. Makaburi ya Kasubi, Uganda, yaliungua Machi 2010 na mwaka huo huo yakatiwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kazi ya kuyarudisha ilichukua zaidi ya miaka kumi kwa sababu Buganda ilisisitiza kwamba kuezeka kufanywe na wenye dhamana ya kuezeka, kwa taratibu zao. Mwaka 2023 yakatolewa kwenye orodha hiyo. Kilwa Kisiwani ilifuata njia nyingine. Iliwekwa kwenye orodha ya hatari mwaka 2004, na hakuna aliyejenga upya Husuni Kubwa, kasri la kale la kisiwa hicho. Walichofanya ni kuzuia mmomonyoko, kusafisha mimea, kuimarisha kuta zilizopo kwa chokaa, na mwaka 2014 ikatolewa. Gofu likabaki gofu, ila gofu lililo salama.

Beit al-Ajaib haiwezi kuwa gofu. Imo katikati ya mji unaoishi, mbele ya bustani ya Forodhani ambako watu hukusanyika kila jioni, na sehemu kubwa ya nyuma ya jumba ilibaki imesimama. Mtazamo wangu ni kwamba lijengwe upya, kwa masharti. La kwanza ni kila kilichookolewa kwenye kifusi, milango, nguzo, vyuma vya roshani, vipande vya saa, kihesabiwe na kirudi mahali pake kadiri kinavyoweza kubeba kazi. Kuta zirudi kwa matumbawe na chokaa, wala zisiwe fremu ya zege iliyovishwa ngozi ya kale. Jengo la namna hiyo litapendeza kwenye picha na kumaliza ufundi wa waashi wa Unguja kwa kizazi kizima. Kwenye chuma sina ushabiki wa asili. Mihimili ya 1883 iliingia humo kama teknolojia ya kisasa ya wakati wake, na kuweka chuma kisichoshika kutu mahali palipofichika, huku ikiandikwa wazi nini kimebadilishwa na lini, ni kuendeleza kile alichokianza Barghash.

Mnara wa saa ni mgumu zaidi. Mwenye kutaka jumba la 1883 atasema usirudi, haukuwa wa asili. Lakini mji umeuona kwa zaidi ya miaka 120, na ndio uliobaki kutukumbusha mizinga ya 1896. Mimi ningeurudisha, ila usimame kwa muundo wake wenyewe, kuanzia msingi, usiegemee nguzo na roshani za jumba.

Kilichobaki kuamuliwa hakionekani kwenye mchoro wowote, nacho ni nani atalitunza baada ya utepe kukatwa. Jumba lenye kuta za chokaa na mifupa ya chuma, mita chache kutoka baharini, linahitaji kikosi cha kudumu chenye mishahara: waashi wawili watatu wanaoijua chokaa, fundi wa chuma, mtu wa paa. Linahitaji fungu lake ndani ya bajeti, lisilosubiri mfadhili, na sehemu ya fedha za tiketi ifungwe kisheria kwa matengenezo tu. Linahitaji daftari la nyufa linalosomwa na mtu mwenye mamlaka ya kufunga ghorofa siku hiyo hiyo. Na milizamu isafishwe mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli, na jina la aliyeisafisha liandikwe.